Mipira Kumi na Miwili ya Kabusuli

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Machibya, wakwe, majirani wa Usagara, na ninyi mliotoka Mabatini, Butimba na kule Kabusuli, poleni kwa msiba, poleni kwa safari, na poleni kwa jua, maana maturubai ni mawili na watu ni wengi, tuvumiliane. Anayesimama mbele yenu ni Anatory Rwehumbiza, mwalimu mstaafu wa Butimba, kaka wa mjane, na kwa hiyo shemeji wa marehemu, na najua wapo wanaonong'ona kwamba historia ya mtu husomwa na wa damu yake, nao wana haki, lakini marehemu aliagiza kwa kinywa chake mbele ya kaka yake mkubwa, Mzee Shimba, kwamba isomwe na mtu asiyejua kupamba maneno, Mzee Shimba akaridhia, basi wanaonong'ona wanong'one polepole. Nimechoka, jamani, siku tatu hizi macho yamejaa mchanga, ila agizo la mtu aliyelala humu ndani halikataliwi.

Marehemu Revocatus Machibya alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959 hapa hapa Usagara, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Machibya na Mama Ng'washi, wote wawili wametangulia mbele za haki, na alikulia katika kuchunga ng'ombe wa baba yake, kazi ambayo aliifanya vibaya, kwa sababu ng'ombe huchungwa chini na yeye muda mwingi alikuwa juu ya miti. Mama yake alikuwa na msemo kwamba wanawake wengine wakimtafuta mtoto huita jina lake, yeye huinua shingo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza la saba mwaka 1973, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akakaa nyumbani miaka miwili akilima pamba, kisha mwaka 1976 akapata nafasi ya kujifunza ufundi wa umeme mjini Mwanza, akahitimu mwaka 1977. Kiingereza hakikumkalia kichwani hata kidogo, na hilo nalisema si kwa kumdharau, mimi ni mwalimu, nimeona wengi wenye akili ambao lugha hiyo iliwapita pembeni, nalisema kwa sababu mbele ya safari tutalihitaji.

Mwezi Machi 1978 aliajiriwa na mkandarasi mmoja wa kujenga laini za umeme, kampuni ambayo nayo imeshakufa na haina kaburi, akaanza kama kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo, baada ya mwaka mmoja akapewa mkanda wa kupandia, na tangu hapo Revo akawa mtu wa juu kweli kweli. Waliofanya kazi naye, ambao wengine nawaona pale nyuma, wanasema alikuwa akipanda nguzo bila kuikumbatia kwa woga, taratibu, huku akipiga soga na walio chini, na kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuangusha hata spana. Mwaka 1991 alifanywa msimamizi wa gengi la watu kumi na wanne.

Ndoa yake ilitokana na giza. Mwaka 1985 umeme ulikatika pale Butimba wiki nzima, nyumba za walimu zote zikawa gizani, akaja fundi mmoja mrefu mweusi, akapanda nguzo iliyo mbele ya nyumba yangu, na dada yangu Bernadetta, ambaye alikuwa amekuja kutoka Bukoba kunisaidia kulea, akamtolea maji ya kunywa, maji ambayo fundi yule aliyanywa kwa muda wa kutosha kujenga laini nzima. Baba yetu alipoletewa posa alisema hampi binti yake mtu anayeshinda juu ya miti kama tumbili, tena Msukuma, lakini Revo alikwenda Kagera mara tatu, mara ya tatu akapanda kwenye paa la baba akaziba linapovuja bila kuombwa, na mzee akaipokea posa. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 27 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu, Evelina aliyezaliwa mwaka 1987, Antoni aliyezaliwa mwaka 1990, na Teodora aliyezaliwa tarehe 3 Januari 1996, ambaye nitamrudia.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo marehemu alipotaka nisiruke mstari.

Kuanzia Februari hadi Desemba 1995 gengi lake lilijenga laini ya kuvuka ghuba ya Kabusuli, nguzo za chuma huku na nguzo za chuma ng'ambo, na katikati mita mia saba za waya unaoning'inia juu ya maji bila kushikwa na kitu. Mainjinia walikuwa wawili, mmoja alihamishwa, wa pili akaugua akarudishwa Dar es Salaam, na kazi ikabaki mikononi mwa Revo, ambaye aliimaliza vizuri, isipokuwa jambo moja. Mwezi Novemba yaliletwa makreti matatu, ndani yake mna nusu ishirini na nne za mipira mikubwa myepesi, rangi ya chungwa, kila nusu upana wa beseni la kuogea, pamoja na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza yenye picha ya waya na mpira juu yake. Gengi zima likaitazama ile picha, likakubaliana kwamba hayo ni mapambo ya siku ya uzinduzi, maana laini haizinduliwi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hapokewi bila mapambo. Wakangoja. Uzinduzi ukaahirishwa mara mbili, kisha ikaja taarifa kwamba mgeni rasmi hatakuja tena, umeme uwashwe tu, na Revo akasema, kwa akili ya kawaida kabisa, kwamba kama mgeni haji basi mapambo ya nini.

Mnajua desturi yetu, mtu akikupikia kwa miezi kumi huondoki kwake mikono mitupu. Wanawake wa Kabusuli walikuwa wamewapikia mafundi wale ugali na sato tangu kwaresima hadi Krismasi, mara nyingine kwa ahadi tu, na siku ya kuondoka Revo aliwapanga mstari akawagawia zile nusu, moja moja, wakaziba kile kitundu cha chini cha kutolea maji ya mvua, wakapata mabeseni ambayo hayapasuki wala hayashiki kutu, wakapiga vigelegele. Kisha akakaa chini akajaza fomu ya kukabidhi laini, ukurasa mmoja, mistari thelathini na moja, yote kwa Kiingereza, na kwa kuwa alijua kwamba kazi yake ameimaliza, akatia alama ya vema kwenye kila mstari, akasaini. Mstari wa ishirini na sita ulikuwa wa mipira kumi na miwili ya tahadhari kwa ndege zinazoruka chini.

Nusu ya ishirini na nne hakumpa mtu wa Kabusuli, aliileta nyumbani, akamwambia mke wake, aliyekuwa mjamzito wa siku zake za mwisho, kwamba amemnunulia beseni Mabatini. Ni uongo mdogo wa baba anayetaka kuonekana amekumbuka, na wanaume tulio hapa tusijifanye hatuujui. Teodora aliogeshwa humo siku alipotoka hospitali, akaogeshwa humo miezi tisa, mtoto mnene mwenye kucheka, mimi mjomba wake ndimi aliyekuwa akinirushia maji usoni. Tarehe 20 Oktoba 1996 homa ilimchukua kwa siku mbili tu. Amelala pale, penye msalaba mdogo mweupe, na baba yake leo tunamlaza kando yake.

Bernadetta alifunga nguo za mtoto kwa kitenge, akaziweka ndani ya lile beseni, akalisukuma chini ya kitanda, na katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kulivuta tena.

Ndugu zangu, waya hauonekani kutoka juu. Marehemu alikuja kujifunza hilo akiwa mtu mzima, na baada ya hapo alilieleza kwa kila aliyekaa naye dakika tano, mtu wa kahawa, kinyozi, padre, mpaka tukawa tunamkimbia. Alisema rubani huiona nguzo, huiona nyumba, huuona hata mtumbwi, lakini waya mwembamba wenye maji nyuma yake haupo machoni pake hadi anapoufikia, na akiwa anaenda kasi ya ndege hakuna tena cha kufanya, ndiyo maana huwekwa mipira ya rangi, ili jicho lipate pa kukamata. Ni jambo rahisi hivyo, mtoto wa darasa la tatu analielewa, na kama lile karatasi lingeandikwa kwa Kiswahili nisingekuwa nasoma maneno haya.

Jumatano tarehe 12 Mei 2004, saa tatu asubuhi, ndege ndogo ya kunyunyizia dawa ya kuua kwelea kwelea wanaokula nafaka ilitoka mashamba ya mpunga, ikakata kupitia ghuba ya Kabusuli ikiwa chini, ikanasa kwenye waya wa juu kabisa, ikaanguka majini. Rubani alikuwa Kapteni Odeta, umri miaka thelathini na minne, baba wa watoto wawili, wavuvi walimtoa akiwa ameshafariki. Waliochunguza walifungua faili la laini, wakaikuta fomu, mstari wa ishirini na sita una alama ya vema na saini, na kwa kuwa waya wenyewe ulikuwa umekatika na kuzama, wakaamini karatasi, ikatangazwa kwamba tahadhari zote zilikuwepo na kosa ni la rubani, aliyeona mipira asiijali. Revo aliisikia habari hiyo redioni akiwa Usagara, anakula muhogo, na Bernadetta anasema aliuweka chini ule muhogo, akaenda kukaa nje kwenye jua mpaka kivuli kikamfuata.

Hakuna aliyekuwa akimtafuta. Kampuni ilikuwa imeshafungwa, yule injinia aliyeugua amekufa, angenyamaza, na mimi, Mungu anisamehe, nilimshauri anyamaze, nikamwambia funika kombe mwanaharamu apite. Alinitazama akaniambia kwamba mwanaharamu mwenyewe ndiye yeye. Mwezi Julai aliwaandikia wale waliochunguza barua kwa mkono, kurasa nne, akaeleza kwamba mipira haikuwahi kufungwa, kwamba aligawa yeye, kwamba alisaini asichokisoma, na kwamba marehemu Odeta hakudharau kitu chochote kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kudharau. Barua iligongwa muhuri, na baada ya miezi tisa jina la rubani likasafishwa, na fundi Revocatus, ambaye wakati huo alikuwa kwa mkandarasi mwingine, akafukuzwa kazi, tarehe 30 Aprili 2005, bila kiinua mgongo.

Kabla ya hapo alikwenda Mabatini kwa mjane wa rubani, Mama Hellen, mwenye duka la vitambaa, akavua kofia, akasimama kati ya majora ya vitenge akamweleza yote. Mama Hellen alimsikiliza hadi mwisho, hakulia wala hakutukana, akamuuliza kitu kimoja tu, waya umeshaunganishwa tena, je, mipira sasa ipo juu, na Revo akajibu kwamba hapana. Mama Hellen akamwambia asirudi dukani kwake mpaka iwepo.

Basi hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza, ambayo haikuwa na mshahara, na ambayo imemmaliza. Aliomba kwenye ofisi ya umeme inunuliwe mipira mipya, akaambiwa inatoka nje ya nchi, iwekwe kwenye bajeti, bajeti ikaja na ikapita kama mgeni rasmi wa Kabusuli. Akaamua kuzikusanya zile alizogawa. Alifunga mabeseni mapya ya plastiki nyuma ya baiskeli, akaenda nyumba kwa nyumba, kila aliyemrudishia nusu akampa beseni jipya, na watu wakampachika jina la Babu Mabeseni, wapo hapa waliomwita hivyo wakicheka, nami nilicheka. Akina mama walijua amekamatika, mmoja alidai mabeseni mawili na sufuria, mwingine alisema atamrudishia akimchimbia choo kwanza, akachimba. Nusu moja aliikuta kuku ameatamia ndani yake, mwenye kuku akakataa asiguswe, Revo akahesabu siku, akarudi vifaranga vilipototolewa. Nyingine ilikuwa kipimo cha dagaa sokoni, nyingine imepelekwa Ukerewe na binti aliyeolewa, akavuka kuifuata, nyingine ilitumika kanisani kwa maji ya baraka na katekista akaleta ubishi wa imani. Kufikia mwaka 2016 alikuwa na nusu ishirini na tatu, zimesuguliwa, zimepakwa rangi upya, zimepangwa banda la nyuma.

Na kila mwaka, msimu wa kwelea kwelea ulipofika na ndege kuanza kuruka, aliacha shamba lake akaenda kusimama kwenye jabali la Kabusuli akiwa na shuka jekundu kwenye mti, akilipunga kila aliposikia mngurumo, asubuhi hadi mchana, wiki mbili, wiki tatu. Mara mbili ndege ziligeuza. Wavuvi walisema amerukwa na akili, na mimi nilipomfuata nikamkuta amekaa, midomo imekauka, ameshika ule mti, nilimwambia Revo, twende nyumbani, utakufa hapa, akaniambia shemeji, mkono unauma, nishikie kidogo. Nililishika lile shuka saa nzima. Sijawahi kuchoka vile maishani mwangu, na mimi ilikuwa saa moja tu.

Mwaka 2017 laini hiyo ilipata msimamizi mpya, Injinia Getruda Ngosha, yupo pale mwenye miwani, na huyu alimsikiliza. Alikubali kwamba siku ya matengenezo mafundi wake wataifunga mipira, ila akaweka sharti, iwe kumi na miwili, kama mchoro unavyosema. Alipoombwa afunge kumi na mmoja alieleza kwa upole kwamba tangu ile barua ya mwaka 2004 hakuna mtu katika kazi hiyo anayethubutu kusaini kitu kilichopungua, na marehemu alicheka, kile kicheko chake cha puani, kwa sababu mlango ule aliufunga yeye mwenyewe, tena kwa kusema kweli. Nusu moja haiuzwi popote duniani. Kila aliyeuliza iko wapi aliambiwa na Revo kwamba imezama ziwani, bado anaitafuta, naye akaendelea kupanda baiskeli kwenda kuitafuta, miaka sita, mahali ambapo alijua fika kwamba haipo.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na kisukari, Agosti 2023 mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti, na msimu uliofuata alipelekwa Kabusuli kwa pikipiki akapunga shuka akiwa amekaa kwenye ndoo. Mwishoni mwa mwaka jana figo zilianza kushindwa. Jumapili tarehe 2 Februari 2025 aliniita kitandani, Mzee Shimba akiwepo, akanieleza nusu ya ishirini na nne iko wapi. Iko chini ya kitanda alicholalia. Alisema kila siku kwa miaka minane aliamka akiwa na nia ya kumwomba Bernadetta, na kila siku aliuona msalaba mdogo mweupe kupitia dirishani, akashindwa, maana kumwomba ni kumwambia kwamba kitu alichomwogeshea mwanaye ni kile kile kilichomkosesha Odeta uhai, na tena kwamba hakukinunua Mabatini. Aliniagiza niseme akishakufa, hapo hataweza kuulizwa. Nilimwambia huo ni woga. Akakubali kwamba ni woga, akasema juu ya nguzo hakuwahi kuogopa hata siku moja, woga wote ulikuwa umemsubiri chini.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali hapa Mwanza, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Juzi Jumatano mchana, wanawake wakiwa jikoni, nilimwita dada yangu pembeni nikamweleza, na ninawasomea alichonijibu kwa kuwa ameniruhusu. Alisema, kaka, beseni gani la dukani lina matundu manane ya boliti ukingoni. Alijua tangu siku ya kwanza, mwaka 1995, akaziba kile kitundu kwa nta ya mshumaa wa Pasaka, akanyamaza, kwa kuwa mume wake alikuwa amefurahi. Na baada ya Odeta, na baada ya zile nusu ishirini na tatu kujaa bandani, alijua pia inayotafutwa ni ipi, akawa anasubiri aombwe, akasema siku atakayoniomba nitampa, lakini siwezi kuitoa mwenyewe, nikiitoa mwenyewe nitakuwa nimemfukuza Teodora. Miaka minane mtu na mkewe wamelala juu ya kitu kimoja, huyu akiogopa kuomba na huyu akingoja kuombwa, na ndege zikipita.

Kisha akaingia ndani, akatoa nguo za mtoto moja moja, akazikunja, akaja na ile nusu kifuani pake. Ndiyo hiyo mnayoiona juu ya jeneza, mliyodhani ni ya maua. Haijapakwa rangi, ameomba isipakwe, na nta bado iko mahali pake, mafundi wataizibua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2021 bila kumchoka ingawa aliwaeleza habari za waya kila siku, majirani wa Usagara waliobeba maji na kuni, Baba Paroko na jumuiya ndogo ndogo, mafundi wenzake wa zamani waliochimba kaburi hili na kukataa kupokewa jembe, wanawake wa Kabusuli waliokuja leo na ugali na sato kama mwaka 1995, na kwa namna ya pekee Mama Hellen Odeta, ambaye hakualikwa, maana hatukuthubutu, na ambaye amekaa safu ya pili tangu saa mbili asubuhi.

Nina tangazo moja, kisha nakaa. Injinia Getruda amesaini. Jumapili wiki ijayo, tarehe 23, umeme utakatika kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, Kabusuli yote, Usagara na vijiji vya jirani, na siku hiyo nawaomba mtu asisonye, asipige simu ofisini, asilaumu mtu, barafu ikiyeyuka acha iyeyuke, kaeni bila umeme mkijua ni mipira kumi na miwili inapanda. Na Jumatatu, Mama Hellen amesema duka litakuwa wazi, na kwa kuwa aliyekatazwa kurudi hawezi kwenda tena, ataingia Bernadetta.

Revo, shemeji yangu, shusha mkono. Lile shuka tumelikunja, tumekuwekea chini ya kichwa. Pumzika sasa kwa amani, marubani wataona wenyewe.